Waziri wa Mambo Yaliyotupwa

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na kwenu. Iko mbali kiasi kwamba mtu akitoka kwenu alfajiri hawezi kufika huko kabla ya chai. Kwa hiyo msihangaike kutafuta jirani wala mheshimiwa anayefanana na hawa nitakaowataja. Mkimwona, laumuni macho yenu.

Pembeni mwa mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na dampo refu kuliko jengo la bunge, na chini yake waliishi mume na mke, Ndimbo na Sikitu, pamoja na binti yao Zawena, mwanafunzi wa darasa la tano. Sikitu aliokota na kuchambua. Chupa za maji aliziweka upande huu, madumu na ndoo upande ule, mifuko peke yake. Vipande vya mabomba alivitupilia mbali kabisa, maana siku moja Ndimbo aliyeyusha bomba na kuku wa jirani wakafa wakiwa wamesimama.

Ndimbo alikuwa fundi. Kilichochambuliwa alikiosha, akakianika, akakisaga kuwa chenga. Chenga alizitia katika pipa juu ya moto mpaka zikawa uji mzito mweusi, akauchanganya na mchanga, akaumimina katika kalibu na kuushindilia. Ukipoa, linatoka tofali la kutandika njiani, gumu, lisilonywa maji. Mtaa wao wote ulivuka masika bila mtu kukanyaga tope.

Naye alijua kujigamba. "Tofali langu ni la kukanyagwa," alikuwa akisema. "Likanyage maisha yako yote, halitasema kitu. Ila usilitundike juu ya kichwa chako. Jua likilishika vizuri linakumbuka kwamba liliwahi kuwa uji."

Watu walicheka. Sifa zikaenea, na sifa zikienea katika nchi ile, huwa zinafika mahali zisipotakiwa kufika.

*

Siku moja msafara wa Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kanali Mstaafu Shempemba, Waziri wa Mambo Yaliyotupwa, ulipita mtaani ukienda kuzindua choo. Mvua ilikuwa imenyesha, na magari hayakukwama. Waziri akashangaa, kwa kuwa alikuwa amezoea kukwama. Akashuka, akalikanyaga tofali kwa kiatu kimoja, kisha kwa viatu vyote viwili.

"Hili limetengenezwa kwa nini?"

"Kwa taka, mheshimiwa," akajibu Ndimbo.

"Taka za nani?"

"Za watu wote."

"Basi ni mali ya taifa," akasema Waziri, na waandishi wa habari wakapiga picha.

Kabla ya wiki kuisha, ua wa Ndimbo ulizungushiwa ukuta, ukapandishwa bendera na kuitwa Kiwanda cha Taifa cha Kuzaliwa Upya. Ndimbo hakulazimishwa na mtu yeyote. Alipewa suti, akapewa gari na dereva, akapewa cheo cha Mkurugenzi Mkuu, naye alipojitazama kwenye kioo cha gari aliona mtu ambaye siku zote alihisi alikuwa amefichwa ndani yake.

Siku ya uzinduzi Waziri alipita kukagua. Akawakuta Sikitu na wanawake wenzake wameketi wakichambua.

"Hawa wanafanya nini?"

"Tunatenga, mheshimiwa," akasema Sikitu. "Kila plastiki ina tabia yake. Zikiyeyushwa pamoja hazishikani, na bomba linatoa moshi mbaya."

Waziri akavua miwani, akaifuta, akapanda juu ya dumu lililogeuzwa.

"Ndugu wananchi! Wazee wetu walimwaga damu ili katika nchi hii pasiwe na huyu wa huku na yule wa kule. Leo nafika hapa nakuta nini? Chupa imewekwa peke yake! Ndoo imewekwa peke yake! Na bomba, bomba masikini, limetupwa nje kama mkimbizi! Huu ni ukabila wa plastiki! Kuanzia sasa taifa ni moja, taka ni moja, pipa ni moja!"

Makofi yakapigwa. Mkurugenzi Mkuu naye akapiga. Sikitu akamtazama mumewe. Mumewe akatazama kiatu chake kipya.

Wanawake wakaondolewa kwa kosa la kueneza ubaguzi, na kila kitu kikaingia pipani pamoja. Moshi ukabadilika, ukawa wa kijani. Wizara ikatangaza kwa furaha kwamba hiyo ndiyo rangi ya mazingira. Ndege wakahama mji mzima, nayo Wizara ikawatakia safari njema.

*

Kiwanda kilikula dampo lote likaisha. Katika taifa la kawaida hiyo ingekuwa habari njema. Lakini Waziri alikuwa amemwahidi Mlezi wa Taifa, yaani mkuu wa nchi ile, kwamba pipa halitapoa hata siku moja. Ikabidi taka zitafutwe.

Kwanza mabomba ya maji yalifungwa mji mzima, ili wananchi wanywe maji ya chupa na chupa zipatikane. Wananchi wakanywa. Chupa hazikutosha. Mabomba yenyewe yakafukuliwa yakapelekwa kiwandani, nayo hayakutosha. Ndipo sheria ikarekebishwa, na Bwana Lukindo, katibu kata, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Lukindo alikuwa mtu wa adabu. Alibisha hodi hata palipokuwa na pazia tu. Siku alipofika kwa Sikitu alimkuta uani akiosha vyombo.

"Dada Sikitu, unisamehe. Nimefuata hiyo ndoo."

"Ndoo yangu ina nini?"

"Ni taka, dada."

"Nimeinunua juzi, kaka Lukindo. Haina hata ufa."

Lukindo akajifuta jasho kwa leso. "Sheria mpya inasema taka ni kitu chochote ambacho siku moja kitatupwa. Sasa niambie wewe mwenyewe, hii ndoo haitatupwa kamwe?"

Sikitu akafikiri. "Itatupwa ikipasuka."

"Basi ni taka iliyochelewa."

"Kwa hesabu hiyo na mimi na wewe ni taka zilizochelewa."

"Usiseme hivyo, dada yangu," akasema Lukindo, akageuka kutazama nyuma kama mtu aliyesikia hatua. "Mimi nina mke. Nina Tegemea wangu nyumbani, na mguu unamsumbua." Akaibeba ile ndoo kwa mikono miwili, taratibu, kama anayebeba mtoto aliyelala.

Jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa ukitembea pekupeku, maana ndala zilichukuliwa miguuni. Vitana vilikwenda. Bibi mmoja alitoa meno yake ya bandia mwenyewe kabla ya kuombwa, akapewa cheti cha uzalendo. Akashukuru, lakini hakuna aliyeelewa alichosema.

*

Kutokana na mali hiyo yote ukajengwa Ukumbi wa Kizazi Kipya. Nguzo zake, kuta zake, kenchi zake na paa lake vyote vilitoka pipani. Hakukuwa na msumari hata mmoja wa chuma, kwa sababu chuma kingeonyesha kwamba hatujiamini. Ulisimama juu ya kilima, mweusi, unang'aa, na mtu akiupita mchana alisikia harufu ya kitu kinachofikiria kuungua.

Tarehe ya uzinduzi ikapangwa. Zawena akaja nyumbani akirukaruka: amechaguliwa kwenye kwaya ya wanafunzi, tena mstari wa mbele.

Sikitu alingoja mpaka mtoto alipokwenda kuoga. Ndimbo alikuwa akila, leso imewekwa shingoni kulinda suti.

"Baba Zawena, lile jengo ni zima?"

"Limekaguliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi nakuuliza wewe uliyelikagua. Ni zima?"

Ndimbo akamega ugali, akaufinyanga, asiupeleke mdomoni. "Wakati wa baridi ni zima kabisa."

"Sherehe ni saa sita mchana, tena kiangazi."

"Mama Zawena, unataka niseme nini? Niende kwa Waziri nimwambie jengo la Mlezi wa Taifa litalainika? Unajua aliyesema hivyo kabla yangu yuko wapi?"

"Sijui."

"Hakuna anayejua. Ndiyo maana yake."

Kutoka bafuni Zawena alisikika akiufanyia mazoezi wimbo wake.

"Na wewe utaingia humo ndani?" Sikitu akauliza.

"Lazima niingie, mimi ni Mkurugenzi." Akalitia lile tonge mdomoni, akalitafuna muda mrefu. "Nimeomba kiti cha karibu na mlango."

*

Siku ilipofika tulijaa ukumbini, nami ninayesimulia nikiwemo, mpaka hapakuwa na pa kuweka kiwiko. Waziri alikaa mbele, nyuma yake wakuu, nyuma ya wakuu makatibu kata akiwemo Lukindo, kisha sisi wananchi. Kwaya ilipangwa pembeni ya jukwaa. Sikitu alipata nafasi katikati. Ndimbo alikuwa mlangoni, kama alivyoomba. Milango ikafungwa, na vijana wa usalama wakasimama mbele yake, kwa kuwa sheria ya nchi ile haimruhusu mtu kuondoka kabla hotuba ya Mlezi haijaisha.

Mlezi mwenyewe hakuwepo. Kwa sababu za kiusalama alikuwa katika nyumba yake ya mawe milimani, na hotuba yake ilikuja kwa spika. Kwa hiyo alituona sote kwa moyo.

"Watoto wangu," ikaanza sauti, "nchi nyingine hutupa. Sisi hatutupi..."

Jua likapanda juu ya paa. Kwanza ilikuja harufu. Kisha tukasikia ukuta ukitoa sauti ndogo, kama mtu anayesonya. Halafu picha kubwa ya Mlezi, iliyotundikwa ukutani mbele yetu, ikaanza kuinama upande wa kushoto. Haikuanguka. Ukuta wenyewe ndio uliokuwa ukienda, nayo ilikuwa ikifuatana nao.

Afisa Itifaki akaiona, akakauka. Picha ya Mlezi kukaa upande ni kosa kubwa, na kuigusa bila idhini ni kosa kubwa zaidi. Akasogea mbele kwa vidole vya miguu, akatunong'oneza kwa ukali:

"Vichwa kushoto! Wote! Inamisheni vichwa mpaka picha inyooke!"

Tukainamisha. Na kweli, ikanyooka. Ukumbi mzima ukakaa shingo upande, kimya, macho mbele, jasho likitiririka kuingia sikio moja. Picha ilipoinama zaidi, nasi tukainama zaidi. Kiti changu kilikuwa kimeanza kunishika, kama mwenyeji anayekuomba usiondoke upesi.

"...maana taka," sauti ikaendelea, "ni suala la mtazamo."

Sikitu alikuwa akimtazama mwanawe. Zawena naye alikuwa amelaza kichwa kwa utiifu, uso umelowa, midomo inarudia maneno ya wimbo asiyasahau. Juu yake kenchi moja ilikuwa imepinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Sikitu akageuka kumtafuta mumewe. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu.

Akasimama. Kiti kikatoa sauti ya kubanduka, na watu wote wakaisikia.

"Keti, mama!" akanong'ona Afisa Itifaki. "Hotuba haijaisha!"

Sikitu hakuketi. Alipita mbele ya magoti ya watu, akafika kwenye kwaya, akamshika Zawena mkono.

"Mama, bado hatujaimba."

"Imbeni sasa."

"Lakini mwalimu amesema—"

"Imba, mwanangu. Imba Wimbo wa Mlezi, ukinifuata mimi."

Wimbo wa Mlezi kila mtu wa nchi ile anaujua na sheria yake. Ukiimbwa ni marufuku kuukatiza, na kila anayeusikia sharti asimame na kuandamana nyuma ya waimbaji. Sauti ya Zawena ilianza peke yake, nyembamba, inatetemeka. Wenzake wakadakia. Sikitu akawaongoza moja kwa moja kuelekea mlangoni, akipiga makofi, na vijana wa usalama wakatazamana. Mmoja akafungua mlango mmoja, mwenzake akaona aibu kubaki ameufunga mwingine.

Nasi tukasimama. Suruali zilichanika, magauni yalibaki vitini, lakini tukasimama, tukaandamana tukiimba kwa nguvu zetu zote. Waziri alikuwa katikati ya sheria mbili na uso wake ulikuwa wa kuhurumiwa. Mwishowe alitoka kinyumenyume, macho kwenye spika, mkono kifuani, ili isije ikasemwa kwamba alimpa kisogo Mlezi.

Si wote waliotoka. Mstari wa makatibu kata ulibaki. Waliogopa kwamba hotuba ina nguvu kuliko wimbo. Nilipogeuka mlangoni nilimwona Lukindo amenyanyuka nusu, ameshika mgongo wa kiti cha mbele, anatuangalia sisi, anaiangalia spika. Akaketi tena. Akainamisha kichwa kushoto.

Paa halikuanguka kama paa. Lilishuka, zito na laini, kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. Spika nyingine ilikuwa nje, juu ya mti. Hotuba ikaendelea mpaka mwisho, na tulipiga makofi.

*

Ndimbo alirudi nyumbani magharibi. Suti yake haikuwa na vumbi.

"Vijana wa mlangoni walinifungulia nikaangalie jenereta," akasema.

Sikitu alikuwa akimpaka Zawena mafuta miguuni mahali palipoungua.

"Baba, nilikuona ukitoka," akasema Zawena. "Nilifikiri unakuja kwetu, ila umepotea njia."

Ndimbo akakaa kizingitini, hakuweza kuingia wala kuondoka.

Tume ya uchunguzi ikaundwa ikamaliza kazi kabla ya kuanza. Ilibaini kwamba jengo halikuwa na kasoro. Jua ndilo lililozidisha. Jua likapewa onyo. Kuhusu makatibu kata, tume ilieleza kuwa ukumbi uliokaguliwa hauwezi kushuka, kwa hiyo hakuna aliyefunikwa, na wasioonekana majumbani mwao wako safarini kikazi. Wake zao wakaombwa wawe na subira na wasipike vyakula vya msiba, kwani vingepotosha umma.

Hicho kilima cheusi cha plastiki kilichobaki, Waziri alikitazama kwa macho ya kitaalamu. Akatangaza kwamba hii ndiyo fahari ya plastiki: haifi. Ukumbi mzima ungekatwakatwa, usagwe, uyeyushwe, utoke tena. Safari hii ingejengwa hospitali ya wazazi.

Siku malori yalipoanza kubeba vile vipande kwenda kiwandani, Tegemea, mke wa Lukindo, aliyafuata kwa miguu, anachechemea. Wanawake wengine wakaungana naye. Sikitu aliposikia, akamwacha Zawena kwa jirani, akafunga kanga kiunoni, akawakuta langoni mwa kiwanda. Askari walikuwa wamefunga. Ndani, mashine ya kusaga ilikuwa bado kimya. Spika ya langoni ikawashukuru akina mama kwa kujitokeza kwa wingi kusherehekea.

"Dada Sikitu," akasema Tegemea, "nimeona leso yake. Kwenye kipande kimoja. Imegandia humo, nyeupe. Sikuona zaidi."

Sikitu akagonga lango mpaka Ndimbo alipokuja. Akasimama upande wa ndani wa vyuma vya lango, amefunga tai.

"Baba Zawena, humo mna watu."

"Mama Zawena, nenda nyumbani."

"Hatutaki kesi. Hatutaki kusema lolote redioni. Tupe hivyo vipande tuwatoe tukawazike, kisha myeyushe mnachotaka."

Ndimbo alifungua mdomo. Nilikuwa karibu, nami naapa alitaka kusema neno jingine. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nyuma yake, dirishani mwa ofisi, Waziri alikuwa amesimama na kikombe cha chai, anatazama.

"Wako kikazi, mke wangu," akasema Ndimbo.

Akageuka, akainua mkono, na mashine ikawashwa.

Ilinguruma mpaka ardhi ikatetemeka chini ya nyayo. Moshi ukapanda kutoka pipani, haukuwa wa kijani wala mweusi, na upepo ukauleta chini kwetu. Spika ikatangaza kwamba hakuna moshi na wananchi waendelee kupumua kama kawaida.

Tegemea ndiye aliyeanza. Alishika vyuma vya lango, akainua uso, akaita: "Lukindo!" Hakulia. Aliita kama mtu anavyomwita mumewe aje kula. Sikitu akaita naye, "Kaka Lukindo!" Kisha kila mwanamke akamwita wake, na majina yakapanda pamoja, yakapishana juu ya mngurumo. Askari wakainua virungu, wakavishusha, wakaulizana. Hakuna sheria katika nchi ile inayokataza kumwita mtu kwa jina lake.

Sikitu hakurudi tena katika nyumba ile. Anaishi na Zawena kwa Tegemea. Kila siku kiwanda kinapowashwa wanakwenda langoni pamoja na wenzao, wanaita mpaka sauti zinakauka, wanarudi. Kuta za hospitali zimeshafika kwenye madirisha.

Muswada wa kudhibiti majina umekwisha kuandikwa. Utasomwa bungeni Jumatatu.